Nani Anakula Betri

Mtaa mzima ulimwita Bado Kidogo, na jina hilo hakubandikwa na adui. Alijibandika mwenyewe. Kila aliyepita getini akamkuta amezamisha kichwa ndani ya boneti alimuuliza kama gari limepona, naye alijibu, bila hata kugeuka, "Bado kidogo." Kwa kazi alikuwa kinyozi, tena kinyozi mzuri. Mashine zake za kunyolea alizifungua, akazisafisha, akazitia mafuta na kuzifunga mwenyewe, zikanguruma kama mpya. Hapo ndipo kichwa kilipomvimba. Mashine ni mashine, alisema. Ukiijua ndogo, kubwa ni kuongeza spana tu.

Basi gari la familia halikujua gereji. Alilitengeneza mlango wa dereva, na tangu siku hiyo mlango ule haukufunga sawasawa. Alilitengeneza honi, likawa linapiga honi kila likikata kona. Lakini haki ya mtu tumpe: rejeta iliyokuwa inavuja aliiziba ikazibika, na breki alizifunga vizuri hivi kwamba mkewe, muuguzi asiyekuwa na tabia ya kusifu ovyo, alipanda bila wasiwasi. Bado Kidogo alilipenda gari lile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Hakuna nati ambayo mkono wake haukuigusa.

Ugonjwa uliomtoa jasho ulikuwa wa betri. Asubuhi, kila mtu keshavaa, ufunguo unazungushwa, gari linasema ta-ta-ta, kisha kimya. Ndipo mke na mabinti wao mapacha wanashuka kusukuma, mama na gauni lake la kazi, mapacha na sare zao za shule, huku baba amekaa kwenye usukani akitoa amri. Likiwaka, wote wanapanda wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, anawafikisha, kisha analirudisha gari nyumbani na kwenda dukani kwa miguu.

Alianza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. Vichwa vya betri alivimwagia maji ya moto akavipiga msasa mpaka vikang'aa. Akabadilisha mkanda. Akaipeleka betri kwa fundi chaji, naye akaipima na kuirudisha akisema ina afya kuliko mwenye nayo. Kumbe basi kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Jumatatu, siku ambayo kinyozi hufunga duka, alichomoa waya mmoja wa betri, akaweka mita yake katikati, akaanza kung'oa fyuzi moja baada ya nyingine akimngoja mwizi ajitokeze. Mshale wa mita haukutikisika. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu afiwe na mumewe, alikuwa ameketi barazani akishona vifungo. Akamuuliza kwa upole kama limepona.

"Bado kidogo, Mama."

Jumanne gari liliwaka kwa mguso mmoja. Jumatano likafa tena. Mkewe akasema gari hilo lina unafiki: likimwona mwenyewe linajifanya zima, akigeuza mgongo linazimia.

Mwisho mke alichoka. Alikuwa na kaka yake, mnunuzi wa magari makuukuu, ambaye kazi yake ilikuwa kuyachinja: milango huku, injini kule, viti kwa yeyote anayevitaka. "Jumamosi lisipowaka lenyewe, kaka anakuja kulichukua," alimwambia. "Nimechoka kusukuma, Baba Mapacha." Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma mumewe. Hasira angeibishia.

Siku zile alinyoa watu huku akili iko kwingine. Mteja aliyeomba apunguziwe kidogo alitoka na upara. Lakini ni juu ya kichwa hicho hicho ambapo wazo lilimjia. Jumatatu anashinda nyumbani, Jumanne gari linawaka. Basi ubaya hutokea akiwa hayupo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na Ijumaa mchana akamwachia mwenzake duka, akarudi kwa miguu, akaingia kwa mlango wa uani na kujibanza nyuma ya tangi la maji.

Kilichomlaki ni taa. Taa za dharura zilikuwa zikiwaka na kuzima mchana kweupe, mbele na nyuma. Kisha taa za breki: zikawaka, zikazima, zikawaka. Kwenye kiti cha dereva alikaa mama mkwe, kitambaa kimekazwa kichwani, mgongo umenyooka, mikono yote miwili kwenye usukani. Alikanyaga klachi, akaingiza gia, akatazama kioo, akainama na kona. Akafika kwenye makutano aliyoyaona yeye peke yake, akasimama kumpisha mtu, kisha akamsonya kweli kweli mtu huyo asiyekuwepo. Taa ya ndani nayo ilikuwa inawaka, maana mlango ule wa fundi kinyozi haukufunga ukivutwa polepole.

Bado Kidogo alitaka kupiga kelele kwa furaha. Amempata! Lakini kabla hajafungua mdomo, mama mkwe alitabasamu. Mwaka mzima alikuwa amemwona akicheka pale nyumbani kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kusumbua. Tabasamu hili halikuwa la mgeni. Aibu ikamshika, kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu kumbe kuna mwenyewe ndani. Alirudi kinyumenyume, akazunguka mpaka getini, akakohoa toka mbali na kubamiza geti kwa nguvu.

Alipoingia, mama mkwe alikuwa barazani akihema, ameshika shati na sindano haina uzi.

"Umewahi leo, baba."

Akamjibu kwamba amesahau mkasi, akafunua boneti ili aonekane ana shughuli.

Neno moja tu kwa mkewe lingeliokoa gari. Lakini mke angemwambia kaka yake, kaka angeusimulia mji mzima huku akijishika mbavu, na mama yule asingekaa tena kwenye kiti kile. Mkwe ni mkwe. Bado Kidogo aliona heri awe anachomoa waya wa betri kimya kimya kila asubuhi akishawafikisha wengine na kulirudisha gari. Wazo zuri, ila lilikuwa limechelewa: safari ya Ijumaa ilikuwa ndefu, na fundi chaji siku ya Ijumaa hufunga mapema.

Jumamosi gari likasema ta-ta-ta mbele ya familia nzima. Shemeji alikuwa keshafika na kamba yake, akaanza kuifunga mbele ya gari, na huku anafunga akauliza, kwa kejeli kidogo, fundi amegundua nini.

"Nimeshindwa," alisema Bado Kidogo. "Sijui kinachokula betri."

Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake. Mkewe alimtazama kama anayetaka kumpima homa.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akamuuliza mwanawe, kwa kawaida betri huliwa na nini. Shemeji, ambaye alipenda sana kufundisha, alieleza kwamba ni taa, zikiwashwa injini ikiwa imezimwa.

"Hata hizi zinazowaka na kuzima?"

"Hizo hasa, Mama."

Akashuka barazani taratibu. "Fungua kamba hiyo, mwanangu. Mwizi ni mimi."

Akawaambia yote. Marehemu mumewe aliendesha gari maisha yao yote, na yeye alikaa kiti cha pembeni. Kila alipoomba afundishwe, aliambiwa mwakani, na mwakani hiyo ikaisha siku ya mazishi. Alidhani injini isipowashwa hakuna kinachotumika. Mkewe Bado Kidogo aliziba mdomo kwa kiganja, kicheko kikamponyoka na machozi yakakifuata. Mapacha wakataka kujua bibi amefika gia ya ngapi. Ya nne, aliwajibu.

Kisha akamgeukia mkwe wake. "Na wewe ulijua. Jana ulikohoa mno."

"Nilijua, Mama."

"Ukakubali lichinjwe?"

Bado Kidogo alisogea garini. Akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha kiti, akasema leo wasukumaji wapo wa kutosha, kinachokosekana ni dereva. Ufunguo uzungushwe, gia ya pili, klachi chini, aiachie akiambiwa.

Walisukuma wote, shemeji akiwa nyuma kabisa na kamba yake begani. "Achia!" Gari lilishtuka, likakohoa, likanguruma. Wakangoja lizime. Halikuzima. Klachi ikakanyagwa, breki ikafuata, gia ikatolewa, breki ya mkono ikavutwa, na kila kimoja kilikuja kwa zamu yake.

Mama mkwe aliteremsha kioo. Uso ulikuwa umemng'aa.

"Baba, kaa hapa pembeni unielekeze," alimwambia Bado Kidogo. Akamtazama mwanawe. "Na wewe, fungua geti."

Shemeji akaenda kufungua.