Matokeo Yako Rukuba

Chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, lakini aibu niliyoipata Musoma nikiwa daktari mwanafunzi, enzi zile za Ujamaa ambapo kila mtu alikuwa ndugu, bado ikinijia nikiwa peke yangu nafunika uso kwa kiganja.

Hospitali yetu ilikuwa na klabu ya majarida. Kila Alhamisi asubuhi mmoja wetu alisimama mbele ya Mganga Mkuu na wauguzi kueleza makala moja ya kitabibu: wenzetu walijaribu nini, wakapata nini, na sisi tufuate au tusifuate. Jarida lenyewe lilikuwa nakala moja, limefika kwa posta limechelewa miezi, na zamu ile tulipangwa wawili, mimi na rafiki yangu Masatu. Basi kwa uvivu wangu (wazo lilikuwa langu, simsingizii mtu) nikachomoa pini tukagawana kijamaa, mimi kurasa za mbele, yeye za nyuma, Jumatano jioni kila mtu amsimulie mwenzake. Jumatatu Masatu akapelekwa kisiwani Rukuba kuchanja watoto, kurasa ziko mfukoni, na Jumatano ziwa likachafuka, boti haikurudi.

Ningesema ukweli, yangeishia hapo. Lakini wiki ile Mganga Mkuu alikuwa aandike barua ya kunipendekeza niende Dar es Salaam kusomea upasuaji, na barua hiyo nilikuwa naiota hata mchana. Makala ilihusu watoto wanaoharisha, kama waendelee kulishwa au tumbo lipumzishwe kwanza. Mganga Mkuu alitaka lipumzishwe, Sista Nyamisi, msimamizi wa wodi ya watoto, alikuwa haafiki hata kidogo, na wote wawili walingoja makala iamue. Nikajiambia, matokeo si yatakuwa kama bosi anavyotaka?

Nikasimama, nikapanga maneno, nikamaliza kwa sauti nzito: "Waliopumzishwa tumbo walipona mapema."

Mganga Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Sista, umesikia? Uji utoke wodini sasa hivi."

Sasa hivi! Mimi nilidhani itaundwa kamati kwanza (enzi zile kila jambo lilikuwa na kamati yake). Sista akatoka, na chai yetu haijapoa tukasikia watoto wanalia kule wodini, mara mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja wa kijiji cha Mugeta, mtoto mgongoni, sufuria ya uji mkononi, Sista nyuma yake.

"Shikamooni. Nani amesema mwanangu asile?"

Wote wakanitazama mimi.

"Mama, ni kitabu kimesema," nikajibu.

"Mimi nimezaa saba, wakiharisha nilikuwaga nawapa uji, na wote wapo. Hao watoto wa kitabu walikuwa wangapi? Waliponaje? Nisomee nisikie."

"Swali zuri sana," akasema Mganga Mkuu, akidhani ananisaidia. "Daktari, msomee mama matokeo, kwa Kiswahili."

Nikafunua ukurasa wangu wa mwisho, jasho linatiririka, nikaanza kusoma yasiyoandikwa: watoto walikuwa... walikuwa wengi kiasi... Mganga Mkuu akavaa miwani, akaja kusimama begani kwangu. Ukurasa ulikatika katikati ya sentensi.

"Matokeo yako wapi?"

"Rukuba," nikasema.

Sista Nyamisi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikamtazama yule mtoto, mkono wake mdogo unaifuata sufuria, na hapo aibu ikageuka uchungu hasa, kwa sababu nilikuwa nimemnyima mtoto chakula ili mimi nipate barua.

"Mama, nisamehe. Sijui walivyopona. Nimebuni."

Mganga Mkuu akavua miwani. "Uji urudi," akasema. "Na utaugawa wewe, kitanda kwa kitanda, kila mama umweleze ulichofanya."

Nikagawa, nikaeleza, nikachekwa. Yule mama wa Mugeta akanipakatisha mwanawe na kunipa kikombe nimnyweshe mwenyewe. Mtoto akamaliza, akakivuta kikombe akitaka tena.

"Haya," akasema mama, "hiyo ndiyo uandike."

Masatu alirudi Jumamosi, na kurasa zake zilisema alichosema mama. Barua yangu haikuandikwa mwaka ule, wala sikuthubutu kuiulizia. Baadaye nami niliendesha klabu za majarida, nikafundisha vijana wengi, na mwanafunzi akisimama mbele za watu akaniambia "hapa sijui", nilikuwa nainuka kitini nampa mkono.