Tangazo la Mama Zuhura

Kwanza husikika kidole kikigonga kipaza sauti cha msikiti, kisha kikohozi. Wiki iliyopita nilizisikia sauti hizo jijini, nje ya wakati wa sala, nikiwa chumbani na tasnifu yangu. Simjui mtu mtaa huu, lakini niliweka kalamu chini nikasikiliza.

Kijijini kwetu Mlingotini, kipaza sauti kikigongwa nje ya wakati wa adhana, kuna mtu amekufa. Asubuhi moja ya utoto wangu tulikuwa madrasani. "Innalillahi wainna ilayhi rajiun," ilisema sauti. "Tunatangaza kifo cha Mama Zuhura wa..." Umeme ukakatika.

Wanawake wa kwetu huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na kina Zuhura mle madrasani tulikuwa wawili. Tuliinuka mkekani kwa pamoja. Mwenzangu alishika njia ya kwao kisimani, mimi ya kwetu pwani.

Nilimkuta mama uani, amekaa kitako, akifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Jirani yetu Bi Tatu alikuwa amenitangulia, kanga kichwani, tayari kwa kilio.

"Sijafa, shoga," mama alimwambia. "Hicho kilio kiweke, zamu yangu haijafika."

Bi Tatu alicheka huku akifuta machozi. Mama hakucheka. Aliiweka kamba chini taratibu. "Basi ni mwenzangu wa kisimani," alisema, akaenda kutafuta kanga.

Msibani, Zuhura wa kisimani hakulitazama jeneza hata lilipotolewa. Alikuwa akimtazama mama yangu, usoni, bila kupepesa. Nilidhani ameipenda kanga yake. Mama alimvuta karibu. "Ukitaka kumwita mama, niite mimi. Jina ni hilohilo." Tangu siku hiyo alikula kwetu, nami, kwa wivu wa kitoto, nilihesabu vipande vya samaki alivyowekewa.

Ilinichukua miaka kuuelewa mtazamo ule. Katika njia zile mbili tulikimbia kila mmoja akiomba dua ileile, kwamba marehemu awe mama wa mwenzake. Yangu ndiyo iliyojibiwa. Alichokuwa akikitazama ni jibu ambalo yeye alinyimwa.

Sasa mama anaumwa, na anayemuuguza ni Zuhura huyo. Mimi nasoma jijini. Nikimpigia mama, husema hajambo, kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba, nami huchagua kumwamini. Kumpigia Zuhura nilikuwa nikiahirisha, kwa sababu yeye asingenificha. Ila baada ya kugongwa kwa kile kipaza sauti, sikuweza kuahirisha tena.

"Zuhura," nilisema.

"Zuhura," aliitikia.

"Mama hajambo?"

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye kikombe.

"Tangu jana hataki hata uji," alisema. "Lakini nikimwita Mama Zuhura, bado anaitika. Njoo, dada."