Tembre Iliyobandikwa Kichwa Chini

Nilikuwa nimekwisha kumwandikia mteja wangu "nunua hii, usiiache" kabla sijasoma jina lililokuwa juu ya karatasi. Jina lilikuwa la baba yangu.

Mimi nimefukiwa na udongo wa shimo la madini nikatolewa ningali napumua, lakini saa ile ilikuwa mbaya kuliko ya shimo. Nilikuwa nimeketi juu ya kibao nje ya nyumba tunayopanga huku Mutoshi, jua la saa nne, simu mkononi. Nikasimama. Nikaketi tena. Mke wangu alikuwa anachagua maharagwe, akaniangalia.

"Tata, umeona nyoka?"

Nikampa simu. Akasoma polepole, kidole juu ya kioo, midomo inatembea.

"Hii njo papier ya parsele yetu," akasema. "Si balisema ilioza?"

Ndiyo. Hati ya kiwanja chetu, walisema ilioza.

Mimi sina masomo mengi, niliishia mwaka wa tano wa shule ya msingi. Shimo liliponivunja mguu sikuweza kuchimba tena, nikaanza kukusanya karatasi za zamani. Watu walicheka. Kumbe huko Ulaya kuna wazee wanaotafuta karatasi zetu zenye tembre za kodi, vile vipande vidogo vya serikali vilivyobandikwa juu ya hati ili iwe na nguvu. Mama mmoja wa Mutshatsha, muuza makala ya kupikia, ndiye aliyekuwa ananiletea. Alizikuta sokoni zimefungiwa karanga, karatasi za treni, za mizigo, za ndoa.

"Tata, uko unanunua buchafu."

"Leta tu, mama."

"Basi siku ingine nitakuletea karatashi ya choo, nayo uibandikie tembre!"

Mteja wangu ni mzee mmoja wa Ubelgiji, tumejuana kwa simu tu. Baadaye akaniomba nimwangalizie minada ya mtandaoni, kwa sababu wauzaji wa kule hawaijui nchi yetu. Wanatia karatasi thelathini katika fungu moja, wanapiga picha yenye giza, wanaandika "Kongo, mbalimbali", basi. Kazi yangu ni kukuza ile picha mpaka nione pembe za karatasi zilizofichwa chini. Tembre zikiwa bado juu ya hati yake, na mhuri umezipita ukaingia mpaka kwenye karatasi, hiyo ni adimu. Nyingi zilibanduliwa zamani, wakati wa Zaire, makarani walizipitisha juu ya mvuke wa chai wakaziuza mara ya pili. Kwa hiyo jicho langu linaenda kwenye tembre na mhuri. Jina la mwenye hati hatuliangalii. Limetusaidia nini?

Siku ile niliona pembe ya hati ikitokeza chini ya bahasha. Tembre nne kwa mstari, mhuri umepita juu ya zote. Ya tatu ilikuwa kichwa chini. Nikafurahi kama mjinga, nikamwandikia mteja. Halafu nikafungua picha ya pili, nikaona jina.

Ile tembre ya tatu nimeijua tangu utoto. Baba aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na siku alipopata kiwanja chake Kasulo, karani alibandika tembre haraka haraka, moja ikageuka. Baba akamwambia airudishe sawa. Karani akamjibu kwamba serikali haina haja na kichwa wala miguu. Kila Mwaka Mpya, baada ya kula, baba aliitoa ile hati sandukuni, anatuonyesha, anamwigiza karani na pua yake juu, sisi tunaanguka kwa kicheko. Na bado jicho langu halikuitambua. Liliona kitu cha kumpendeza mzungu tu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ilitoka vipi sandukuni? Niliitoa mimi.

Wakati kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, kila mtu alichimba kwake, wengine ndani ya chumba cha kulala. Baba alikuwa amekwisha kufa. Sekretere wa mtaa akatangaza kwamba viwanja vyote vitaandikwa upya, kila mwenye nyumba alete hati yenyewe.

"Photocopie hapana," alisema. "Nguvu ya tembre aipitake mu machine."

Tukaamini kwamba nguvu hiyo haipiti katika mashine ya kunakili. Tulizoea kwamba karatasi yenye tembre ndiyo karatasi, nyingine ni kivuli. Tukapanga mstari mbele ya meza yake, kila mtu na hati yake ndani ya mfuko wa mkate, tukazitia katika gunia la unga wa mahindi. Hakuna aliyeomba risiti. Sekretere aliimba nasi kwaya. Kumwomba risiti kungekuwa kumwita mwizi mbele ya watu. Mimi nilimpa ya baba kwa mikono miwili.

Haukupita muda, mnunuzi mmoja wa madini akaja na hati mpya ya kiwanja chetu na watu wa kuweka uzio. Tukakimbia ofisini kwa sekretere.

"Mvua iliingia mu biro. Yote ilioza."

Mama yangu akaomba aonyeshwe hata kipande kilichooza, akaambiwa vyote vimetupwa.

"Mama, bintu bya kuoza banatupaka."

Mama alifia hapa Mutoshi, katika nyumba ya watu, akitutajia mipaka ya kiwanja: kutoka mparachichi mpaka kwenye bomba la maji. Alitaka tusisahau.

Basi mteja wangu alilishinda lile fungu mnadani, kwa neno langu. Nikamweleza yote, nikamwomba. Akajibu kwa adabu kwamba anasikitika, ila hati kama hiyo hajawahi kuipata, haiwezi kutoka katika albamu yake. Atanitumia photocopie nzuri, ya rangi.

Nikaenda na simu Kasulo. Sekretere yuko meza ileile, sasa na miwani.

"Tata, minakuya na ile karatashi yenye ilioza."

Aliangalia kioo. Hakuuliza ni ya nani.

"Hii ni photo. Photo aikubaliki hapa."

"Onyesha penye kuoza."

"Unakuya kunitukana mu biro yangu?"

"Minauliza tu, tata. Ilioza, kisha ikapona, ikapanda ndege?"

Watu wa mstarini wakacheka. Yeye alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Lete original," akasema.

Original, ile hati yenyewe, nilikupa wewe, sekretere. Majina sitayaandika hapa, lakini kila aliyesimama kwenye mstari ule anajua nasema nani: wewe sekretere mwenye gunia, na wewe mnunuzi uliyeweka uzio juu ya kiwanja cha baba. Karatasi haikuoza. Imefika Ulaya ikiwa safi, na tembre zake zote nne. Kwa hiyo nataka meza itolewe nje, palepale ulipopokelea, na wote tuliotia hati zetu katika gunia tuje tusimame. Habari za mvua tumekwisha kuzisikia. Utuambie gunia lile ulilikabidhi mkononi mwa nani. Anza na jina lake.