Fundi wa Kasenga Aliyeonekana Katika Kioo

Maneno haya yametufikia kutoka kwa mama mumoja wa pwani ya Ziwa Mweru. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu.

Wasomaji, mimi ni mujane wa miaka ishirini na nane, mama wa watoto wawili. Ninakaa Nchelenge na ninauza samaki wa kukausha. Mutaona nina dharau. Ni kweli ninayo, lakini sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na waganga.

Bwana yangu alikuwa muvuvi. Musimu wa mvua uliopita, akiwa kambini kisiwani Kilwa, humu humu ziwani, alilowa siku nzima akaanza kukohoa. Walipomurudisha kwa mutumbwi alikuwa anapumua kama mivukuto ya muhunzi. Mutumishi wa dispensari alisema ni mapafu, na kwamba tumechelewa. Akafa mikononi mwangu. Shemeji yangu, kaka yake mukubwa, aliposikia neno hilo mapafu aliinua tu mabega. "Mapafu hayagonjwi bure," akasema. "Iko mutu ametuma ugonjwa huu."

Yeye na ndugu zake wakaenda kwa muzee mumoja wa kutikisa kibuyu. Muzee akatikisa, akafumba macho, akasema anaona mwanamuke aliyekuwa akimupikia marehemu. Ajabu kubwa kweli, mwanamuke kumupikia bwana yake. Lakini ukoo wote ulinigeukia, na kuanzia siku ile watoto wangu wakakatazwa kula chakula cha chungu changu. Shemeji akaniambia mbele ya wote, "Kama hauna kosa, tafuta mulaguzi mwingine wewe mwenyewe, mutu wa kuaminika, aseme mbele yetu. Naye akikutaja, utarudi kwenu bila watoto."

Basi nikaanza kumutafuta mulaguzi sokoni Kashikishi, kama vile mutu anavyotafuta fundi wa baiskeli. Kila mutu alikuwa na wake. Muuza chumvi akanisifia mumoja aliyefichua mwizi wa mbuzi wa binamu yake. Nikamuuliza, "Na mbuzi akapatikana?" Akasema, "Hapana, lakini jina la mwizi lilitajwa." "Na mwizi akakubali?" "Alikuwa amekwisha kufa, mama." Hao ndio waliosifiwa sana.

Mwishoni wote walikubaliana juu ya mumoja, kijana aliyekuwa boi katika nyumba ya muzungu kule Elisabethville. Alirudi na koti la sufu, kioo cha kunyolea ndevu, na Kifaransa cha kuitia mbwa. Tulikwenda mimi, shemeji na mama mukwe, tukakalishwa uani pamoja na wengine. Dada yake alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, pale pale, mupole sana, akimupa kila mutu pole. Anauliza marehemu alikuwa na adui gani, anasikiliza, halafu anaingia ndani kuchukua chumvi. Nilimutazama akifanya hivyo kwa kila aliyefika. Nikajiuliza ni sombe gani inayotaka chumvi nyingi namna hii.

Zamu yangu ilipokaribia, shemeji na mama mukwe walikuwa wamekwenda kunywa maji. Dada akasogea. "Pole, mama. Bwana yako aligombana na nani?" Nikamuambia, "Na fundi mumoja wa nguo kule Kasenga, ng'ambo. Kilema wa muguu. Aliharibu suruali yake." Fundi huyo sikuwa ninamujua. Nilimutunga pale pale, kusudi nione kioo kitasema nini. Dada akaenda kuchukua chumvi.

Wale wawili waliporudi tukaingia, na kule ndani mulaguzi aliinamia kioo hata pumzi yake ikakitia ukungu. "Bon," akasema. "Ninaona maji. Ninaona Kasenga. Mutu anachechemea, ana uzi mudomoni." Mama mukwe akalia kwa sauti. Shemeji akanishika mukono na kuniomba musamaha, na jioni ile watoto walikula tena kwangu. Nami nilinyamaza, kwa sababu watoto walikuwa wanakula.

Lakini Kasenga ni mji, na kila baraza lina cherehani. Shemeji alituma watu wakaulize, wakarudi wakasema fundi kilema yuko kweli, ana bibi mwenye mimba. Sasa sifa za mulaguzi zimevuka ziwa. Na shemeji amesema kilio kikimalizika tu watavuka na wadogo zake kumutafuta, na hawatabeba suruali za kushonwa.

Nikarudi kwa mulaguzi peke yangu. Nikamuambia, "Fundi yule nilimuumba mimi, kwa mudomo wangu, mbele ya dada yako." Hakushituka. Alifuta kioo kwa mukono wa koti. "Sawa, mama. Enda useme. Watarudi hapa, nami nitaangalia tena. Safari hii unafikiri nitaona nani?"

Hapo ndipo nikamutuma rafiki yangu anayepeleka samaki Kasenga amuonye fundi akimbie na bibi yake. Alirudi juzi na jibu. Fundi anashukuru. Anasema yeye hakumbuki kumuua mutu, lakini tangu musimu ule wa mvua anaota maji, kwa hiyo pengine ni yeye, hajui. Hatakimbia. Anaomba nimuulizie kama kwetu iko mulaguzi mukali anayeweza kumuosha.

Nilikaa chini mbele ya samaki zangu, sikuweza kucheka wala kulia. Nikisema kweli, ninanyang'anywa watoto. Nikinyamaza, watamuua mutu aliyekwisha kujihukumu mwenyewe. Musiniambie niende boma, kwa serikali. Karani wa boma alikuwa mbele yangu pale uani, akingoja kioo.

Ninyi ambao akili zenu bado zimo kichwani, nionyesheni njia, nishike ipi? Ila ninawaomba sana, mutu asiniandikie jina la mulaguzi anayemujua yeye.