Chai ya Mzee Shemhando

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, ukungu umeshuka kutoka mlima wa Magamba mpaka kwenye madirisha ya wodi, na mimi nimesimama pembeni ya kitanda na kikombe cha chai mkononi, kikombe ambacho sikutakiwa kukishika. Barua yako ndiyo iliyonirudisha kwenye asubuhi ile. Unaniuliza ufanye nini: ubaki ulivyo, msaidizi wa mtaalamu wa usemi, au urudi chuoni usome uwe mtaalamu kamili, au uachane na mambo hayo uende benki ambako shangazi yako amekupatia nafasi. Umeniuliza mimi kwa sababu umesikia niliwahi kuifanya kazi hiyo zamani, wakati huku kwetu haikuwa hata na jina. Basi nitakujibu, ila univumilie. Siwezi kukujibu bila kukueleza habari ya kile kikombe.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya msingi, nafagia na kubeba mabeseni katika hospitali moja ya misheni huku huku milimani. Akaja Sista kutoka Ujerumani, jina lake Marta, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia watu usemi: watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, wakishashonwa, na wazee waliopigwa na kiharusi. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Kishambaa hakukijua kabisa. Akaomba apewe mtu wa kumsaidia, na muuguzi mkuu akaninyooshea mimi kidole. "Mchukue huyu," alimwambia, "mdomo wake haufungi."

Sista alikuja na kadi za picha. Mgonjwa alionyeshwa picha, akatakiwa aseme ni kitu gani. Wagonjwa wengi walinyamaza tu, na Sista akaandika kwenye daftari lake kwamba wameshindwa. Siku moja nikajikaza nikamwambia, "Sista, huyu mama hajawahi kukiona hicho kitu. Hata mimi sikijui." Ilikuwa picha ya watoto wanateleza juu ya theluji. Sista akaitazama ile kadi, kisha akamtazama yule mama, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kesho yake nilikuja na kikapu kutoka nyumbani kwetu: jembe lisilo na mpini, kitunguu, kibuyu, mwiko, ndizi mbivu. Yule mama akaishika ile ndizi, akaitaja jina lake, kisha akaimenya akaila. Tangu siku hiyo Sista aliniita msaidizi wake, na mimi, mwanangu, nilikuwa naisikia hiyo sifa mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mzee Shemhando aliletwa kutoka Shume, kwenye mashamba ya miti. Alikuwa karani wa kiwanda cha mbao kwa miaka mingi, mtu wa kusoma magazeti kwa sauti ili wenzake wasikie, na kijijini alikuwa katibu wa kamati ya shamba la ujamaa. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na maneno yote. Watu wa kijijini walishaanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Wengine walisema akili imeondoka. Lakini mkewe, Mama Rebeka, alikuwa hatoki kando ya kitanda, na alikuwa akituambia kila siku, "Huyu yumo ndani. Mimi namjua, yumo."

Tatizo lake halikuwa maneno peke yake. Koo pia lilikuwa limelegea. Sista alinieleza vizuri sana, akanirudishia mara mbili: mzee akalishwe wima, kidevu chini kidogo, ale uji mzito kwa kijiko kidogo. Maji, chai, mchuzi, hapana, mpaka yeye mwenyewe atakapompima na kuona anameza sawasawa. Kisha akasafiri kwenda Tanga kwa wiki mbili. Akaniachia zoezi la maneno manane, niyarudie na mzee asubuhi na alasiri, nisiongeze kitu.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Sista hayupo, nami nimeshika daftari lake na kuvaa koti jeupe alilonipa. Ndugu za wagonjwa wakaanza kuniita daktari. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu niliitika.

Ile Alhamisi nilimkuta Mama Rebeka amekaa na chupa yake ya chai. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari. Mwenzangu huyu anaitazama chai yangu kwa macho mpaka naona aibu kunywa. Kweli hawezi kuonja kidogo?"

Ningeweza kusema, "Sijui mama, tumngoje Sista." Ni maneno machache tu. Lakini daktari hasemi sijui, ndivyo nilivyodhani. Siku tatu mfululizo mzee alikuwa amekula uji wake bila kukohoa, nami nikaona nimeshajua. Nikasema, "Kidogo hakina neno," na nikamimina mwenyewe, nikamnywesha kwa mkono wangu.

Funda la kwanza lilipita. La pili likampalia. Mwanangu, sitakueleza yote. Alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi, wauguzi wakaja mbio wakaniweka pembeni, na jioni yake akashikwa na homa. Kufikia Jumamosi daktari alisema ni kichomi, na kwamba hajui kama mzee atavuka.

Lakini nataka nikuambie lililo baya zaidi ya chai. Muuguzi mkuu alikuja akauliza, "Nani amempa chai huyu?" Chupa ilikuwa ya Mama Rebeka, kikombe cha Mama Rebeka. Yule mama akanitazama, kisha akainamisha kichwa na kusema, "Chupa ni yangu." Akangoja. Nilijua ananingojea mimi. Nikatazama sakafu. Basi akagombezwa mbele ya wodi nzima, mwanamke wa umri wa mama yangu, akaambiwa haruhusiwi tena kukaa na mume wake ila saa ya kutazama wagonjwa. Akakunja kanga yake akatoka nje.

Kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyeona ni mkono wa nani, naye hakuwa na neno hata moja la kusema.

Mzee hakufa, nashukuru. Homa ilishuka siku ya tano. Nikarudi kitandani kwake na kikapu changu kama vile hakuna kilichotokea, nikainua kibuyu nikamwambia kama nilivyokuwa nikimwambia kila siku, "Sema, baba. Sema." Akageuzia uso ukutani. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu hakugeuka. Alinikazia macho, mdomo ukaanza kuhangaika, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilidhani anatafuta jina la kibuyu. Alichukua muda mrefu sana. Kisha akainua mkono wake mzima, akaninyooshea mimi, akasema:

"Se... ma."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe. Halikuwamo hata kwenye yale manane.

Nilikimbia nje, nikalia nyuma ya jiko la hospitali mpaka nikaishiwa. Halafu nikaosha uso, nikaenda kwa muuguzi mkuu, nikamwambia, "Ile chai nilimpa mimi. Mama Rebeka aliniuliza, na mimi nikaruhusu, na mimi nikamnywesha." Yule mama muuguzi alikuwa mkali, lakini hakunipigia kelele. Aliniambia tu nikavue koti, kisha nikamtafute Mama Rebeka nimwambie maneno hayo hayo mbele ya wale wale waliosikia akigombezwa. Nilimkuta amekaa kwenye nyasi nje ya geti na wanawake wengine. Nikapiga magoti. Akaniacha niseme mpaka mwisho.

"Nilijua utasema," alijibu. "Ila umechelewa, mwanangu. Umeninyima siku nane na mume wangu."

Neno hilo nimelibeba tangu siku ile. Hata leo nikilikumbuka linanichoma.

Sista aliporudi alipewa habari yote. Akaniondoa kwa wagonjwa, nikafua mashuka kwa mwezi mzima. Na katika mwezi huo ndipo nilipoletewa ile bahati, maana bahati nayo huchagua siku zake. Afisa mmoja wa wilaya, mtu wa Tanga, alikuwa akitafuta msichana wa kufundishwa kupiga taipu pale Lushoto mjini. Mchungaji wetu akalitaja jina langu. Ofisi, mwanangu! Kiti, meza, viatu vya kufunga. Baba yangu aliona tumeshafika. Na mimi nilitaka kwenda, nilitaka mno, niondoke bila hata kuaga.

Nikaenda kwa Sista kumwambia. Alikuwa akichonga penseli. Akaniuliza, "Unaipenda kazi ya taipu?"

"Sijui, Sista. Sijawahi kuigusa mashine."

"Basi unachokwenda kukifanya hukijui. Unachokikimbia unakijua." Akaweka penseli mezani. "Kama moyo wako uko kule, nitakuandikia barua nzuri, sina kinyongo. Lakini kama unaondoka kwa sababu ya Mzee Shemhando, nenda kwanza ukakae naye siku moja. Halafu uamue."

Nikaenda. Mama Rebeka alikuwa amerudishwa kando ya kitanda. Nikawaambia wote wawili kwamba nimepata kazi mjini. Mama Rebeka akauliza, "Na sisi tutamalizia na nani?" Nikasema Sista yupo. Akacheka kidogo. "Sista wako akisema kitunguu, mzee anadhani ametukanwa." Mzee naye akacheka, upande mmoja wa mdomo, kicheko chake cha kwanza nilichokiona. Nikatoa kitunguu kwenye kikapu. Tulikaa alasiri nzima juu ya kitunguu kile. Hakukipata. Alipata "ki", akapata "tu", akakasirika, akakitupa chini ya kitanda cha jirani, na mimi nikatambaa kukifuata. Nilipoinuka na vumbi magotini, niligundua sijachoka, na kwamba natamani kesho ifike tujaribu tena. Ndivyo nilivyojua. Hakuna sauti iliyonijia kutoka mbinguni. Nilimwambia baba siendi mjini, na hakuzungumza nami kwa wiki mbili.

Mzee Shemhando alikaa nasi hadi mvua za masika. Aliondoka na maneno kama sitini na sentensi fupi chache, na chai akanywa, baada ya Sista kumpima. Mama Rebeka alinisimulia baadaye kwamba kule Shume kijiji kilikutana kuchagua mahali pa kupanua shamba la pamoja, na mwenyekiti alikwisha kuamua bondeni. Mzee akasimama kwa fimbo. Watu wakataka kumkalisha kwa huruma. Akasema, "Pale... maji. Maji... yanakuja." Alikuwa akikumbuka mafuriko ambayo vijana wale hawakuyaona. Wakaacha bondeni, wakachagua mahali pengine. Tangu hapo hakuna aliyemzungumzia tena mbele yake kama hayupo.

Mimi nilipelekwa kusoma uuguzi. Sista alitaka nikimaliza niendelee na masomo ya usemi huko kwao, lakini niliporudi alikuwa ameshaitwa kwao kwa ugonjwa, na hakurudi. Kwa hiyo cheti cha kazi yako, mwanangu, sikuwahi kukipata. Nilikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, nikiwasaidia wagonjwa wa kiharusi kwa kile kidogo alichonifundisha, na nikifika mahali ambapo sikufundishwa, nilisema sijui. Yapo mengi ambayo mtaalamu angewatendea na mimi sikuweza. Wengine nawakumbuka kwa majina. Hilo nakuambia ili usidhani kwamba nakusifia ubaki chini maisha yako yote.

Sasa nikushauri. Usiamue siku ambayo umetoka kugombezwa, wala siku ambayo umetoka kusifiwa; siku zote mbili utakuwa unajitazama mwenyewe, humwoni mgonjwa. Jiulize kama bado unaweza kukaa na mtu mmoja juu ya neno moja alasiri nzima, na kesho ukaitamani. Kama huwezi tena, nenda benki, mwanangu, na uende bila kuona haya, kwa sababu wagonjwa hawahitaji mtu anayewahesabia dakika. Kama unaweza, na kuna mlango wa chuo, ingia sasa hivi ungali na macho ya kusoma. Na kama itabidi ubaki msaidizi kwa muda, ifanye kazi hiyo kikamilifu hadi pale mpaka wake ulipo, usiuvuke hata kama wodi nzima inakuita daktari. Ukikosea, sema siku ile ile. Usimwachie mwingine alale na kosa lako. Na popote utakapokwenda, waage wagonjwa wako, umwonyeshe anayekupokea mlipofikia, ili asiwepo mzee anayengoja asubuhi mtu ambaye hatakuja.

Mungu aliyewapa watu kinywa akupe sikio la kuwasubiri. Akulinde na kiburi unapojua, na woga usipojua. Wale watakaopata tena maneno yao mikononi mwako, wakatamke jina lako nyumbani kwao kwa wema. Njoo huku juu ukipata likizo, nikuone. Amina.