Mama wa Ndani ya Gari

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaojua aina za magari kuliko mnavyojua majina ya babu zenu, kaeni vizuri mnisikilize. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, na haya nimeyaandika polepole kwa mkono wangu. Sitaki mnihurumie. Nilikosa.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba kati ya Nzega na Tabora. Babu yake alikwenda pwani kwa miguu, mzigo begani, na yeye aliapa kwamba mzigo wake utabebwa na magurudumu. Magari aliyajua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Alipenda kusimulia gari moja dogo la zamani lililokuwa na kimkono ubavuni: dereva akitaka kukata kona, kimkono kinachomoka kwenye nguzo ya mlango na kunyooka, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Na lile lenye mgongo wa kobe, injini nyuma, buti mbele. Hapo alicheka mpaka machozi, akisimulia habari za tajiri mmoja wa Igalula aliyefungua mbele na kopo la maji mkononi, asione injini, akapiga yowe kwamba ameibiwa. "Na hata angeiona," alimalizia, "ile injini hainywi maji. Inapozwa na upepo!" Nilizisikia hadithi hizo tangu nikiwa mke mpya. Nilizichoka, na nilimwambia nimezichoka.

Kisha akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu njia ya msikitini, halafu mimi. Akawa ananiita "mama" kwa adabu, kama mgeni anavyomwita mwenye mgahawa. Asubuhi nikimsalimu ananitazama tu, anarudi kwenye uji wake.

Mwanetu, tunayeishi naye hapa Mtendeni, mjini Tabora, akanunua gari la mtumba kutoka Japani. Lina kioo kidogo kimesimama juu ya tairi la mbele, upande wa kushoto, kama sikio moja la sungura. Na ukiliwasha, sauti ya mwanamke inasema maneno ya kwao, mafupi, laini, kisha inanyamaza.

Siku ya kwanza mume wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele. Sauti ikasema. Akaweka mkono kifuani. "Mwangaluka, mayu," akajibu, yaani habari za asubuhi, mama, ile salamu yetu ya Kinyamwezi ambayo sisi wa nyumbani hakuwa akitupa tena. Akamweleza huyo mama kwamba mvua imekawia, na kwamba lori limepata pancha.

Tangu hapo aliamka bila kuamshwa. Alivaa koti, akatoka uani, akainama kwenye kile kioo kidogo kunyoosha kofia na kuchana ndevu, ndipo akapanda. Mwanetu akawasha. Wakasalimiana. Akishuka anakuwa mtu, anakula, hata anauliza bei ya pamba.

Na mimi? Bombani jirani yangu alinipokea na ndoo yangu: "Shoga, pole. Nasikia umeletewa mke mwenza, tena wa Kijapani!"

"Afadhali huyo hali wali wangu," nikamjibu.

"Tena ana heshima," mwingine akadakia. "Anasema neno moja, ananyamaza. Jifunze!"

Walicheka, nami nikacheka. Mngeniuliza wakati ule, ningesema ninaona aibu mbele ya majirani. Si kweli. Niliumia kwamba mwanamume niliyempikia maisha yangu yote anaiwekea mkono kifuani sauti ya gari, na mimi ananitazama kama ukuta.

Siku moja mwanetu alipanda basi kwenda Nzega, gari likabaki. Nikamwita fundi umeme wa magari. Akaingiza kichwa chini ya usukani, akakuta kisanduku cha ile sauti, akacheka.

"Bibi, huyu anadai kadi. Kwao kuna barabara za kulipia, unachomeka kadi yako humu. Kila ukiwasha anakwambia hujaweka kadi. Basi, hana lingine."

"Na hicho kioo cha mbele?"

"Hicho ni cha kumwona mtoto aliyesimama ubavuni, pale macho ya dereva yasipofika. Nacho nitoe?"

"Kioo kiache. Mtoe huyo mwanamke."

Akakata waya, akaondoka na kisanduku pamoja na chupa ya asali niliyompa.

Mwanetu alirudi jioni, sikumwambia kitu. Kesho yake mume wangu akavaa koti, akachana ndevu, akapanda. Injini ikanguruma. Akangoja. "Mwangaluka, mayu." Kimya. "Zima," akamwambia mwanetu. "Washa tena." Mara tatu. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama na ufagio.

"Mama, nimemkosea nini?"

Nikasema, "Vitu vya mtumba huharibika."

Koti halikuvaliwa tena. Alilala akitazama ukuta, uji ukapoa pembeni. Siku ya tano nilimwambia mwanetu ukweli. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mama, wewe?" Tukamfuata fundi. Kisanduku alishakifungua, vipande kavitia kwenye redio za watu.

Asubuhi iliyofuata nilitangulia garini, nikajikunja kiti cha nyuma na khanga kichwani. Mwanetu akamleta baba yake akikokota miguu. Kwenye kioo hakuinama. Injini ikawaka. Nikasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu uchumba wetu:

"Mwangaluka, baba."

Mkono ukapanda kifuani. "Mwangaluka, mayu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Akaanza kunisimulia lile gari lenye mgongo wa kobe. Alipofika kwenye kopo la maji akanyamaza, amepotea. "Halafu yule tajiri akafanyaje?" nikamuuliza. Akacheka, akaendelea.

Sasa namdanganya kila asubuhi. Ni kosa juu ya kosa, na Mungu ndiye atakayejua la kunifanya. Lakini siku ileile niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Mzee akiwa garini, mtu asicheke, asipige honi, asigeuke kutazama kiti cha nyuma. Na asitokee wa kumwambia kwamba ni mimi."