Mmisionari Aliyeagwa Mapema

Tulimuaga kwa ibada nzima, machozi, picha ya pamoja na zawadi ya sanduku jipya. Kisha viza ikagoma kutoka, na Jumapili iliyofuata akatokea mlangoni kama marehemu aliyesahau mwavuli. Kipaza sauti chake nilikuwa nimeshakabidhiwa mimi, kwa hiyo mmisionari wetu sasa anapanga viti. Anavibeba viwili viwili, anavifuta kwa leso yake mwenyewe, anamuuliza kila anayeketi habari za nyumbani na kumsikiliza mpaka mwisho, yeye ambaye zamani alikukatiza hata ukipiga chafya. Sauti iliyokuwa ikitikisa mabati leo lazima uisogelee ndipo uisikie. Nilimpenda zaidi alipokuwa na majivuno; tulikuwa ngoma droo. Wanakwaya humtania, "Mtumishi, hivi bado hujafika tu?" Naye hucheka, "Bado napakia mizigo."

Juzi nilihubiri hadi tai ikaloa jasho. Mwishoni mama mmoja aliyefiwa na mumewe akaja mbele kuombewa. Nikainua kipaza sauti. Akanipita kama nguzo. "Mwanangu, niombee wewe," akamwambia mpanga viti. Jamaa akamvutia kiti. "Kaa kwanza, mama. Hebu nieleze, baba alikuwa mtu wa namna gani?" Mama akaanza kusimulia, kisha akacheka huku analia, na kanisa zima likawasogelea kusikiliza. Mimi nikafumba macho, nikamsihi Mungu viza ya mtu huyu itoke kesho asubuhi. Sijawahi kuomba kwa dhati namna ile.